Mutego ya waya ya Kadutu: njo ilikamata panya mu mashua yetu, dawa na kole zote zilishindwa

Nianze na beyi juu najua njo kitu batu banauliza mbele: 15.000 franka. Muzee mwenye kuiuzisha alianzia ku 20.000, tukakutana ku 15.000. Ni mutego ya waya ya sanduku, ile panya inaingia muzima na mulango inajifunga nyuma yake, inatengenezwa na ule muzee fundi pale mu soko ya Kadutu, hapa Bukavu, upande ya bale banauzisha mbabula na mapanga. Haina marke, haina karto, anaifunga tu mu kasashe na unaenda. Mi nasema wazi, kama unaikala mu mashua, ao mu boti, ao hata mu nyumba ya mbao pembeni ya ziwa, nunua hii na uache bile bingine byote, na nitaeleza juu ya nini, maana mbele ya kufika pale nilipoteza feza, usingizi na nusu ya tanga.

Siye tunaikala mu mashua ya tanga hapa Bukavu, ku ziwa Kivu, miye na bwana yangu na mutoto yetu wa kike wa miaka ine. Ni ya mbao, metre nane, ya zamani, bwana yangu ni fundi wa mamoteri ya maboti na mwenye mashua alimulipa nayo deni ya kazi ya mwaka muzima, akaenda zake. Batu bananiuliza kila siku kama hatuogope kulala yulu ya mayi. Apana, kile nilikuwa naogopa ni kulipa garanti ya miezi sita juu ya chumba mbili ku mulima ambako udongo inaporomoka mvua ikinyesha. Mu mashua tuko na kabine, vitanda, kafasi ka kupikia, plake ya jua na bateri mbili, na asubuyi mapema mbele boti za Goma na Idjwi hazijaanza kupiga kelele unasikia tu mayi. Miye ni mushonaji, cherehani yangu iko mu kabine, na ile tanga kubwa nilishona miye mwenyewe, ile ya zamani ilikuwa imepasuka fasi saba, nilifanya wiki tatu nzima, mushono mara mbili kila upande, na kona zote nikatia ngozi.

Njo maana ile siku nilifungua mufuko ya tanga nikakuta panya amefanya ndani yake kitanda, nililia. Nasema kweli, nilikaa pale chini nikalia. Ile nyama haikukula tanga juu ya njaa, ilikata uzi kwa uzi, ikafanya pamba pamba, tundu ingine ingepitisha kichwa ya mutoto. Na ilikuwa tayari imekojoa yulu yake.

Kumbe ishara zilikuwako tangu wiki mbili na hatukuzisoma. Mavi nyeusi kama punje za muchele, kona zake nyembamba, nyuma ya mufuko ya bunga. Alama ya mafuta mafuta ku kamba inatufunga ku ponto, bwana yangu alifikiri ni grase ya mikono yake. Na ile sauti ya usiku kati, krr krr krr chini ya mbao, mi nilisema ni mbao inakauka juu ni kiangazi. Haikuwa mbao. Meno ya mbele ya panya inaendelea kukua maisha yake yote, na panya anapenda kutafuna bitu bigumu, na mu mashua kitu ya kutafuna ni nini? Waya. Tiyo. Ilikata waya ya pompi ya kutosha mayi mu tumbo ya mashua. Mashua ya mbao kila siku inaingiza mayi kidogo, ni kawaida, pompi inatosha. Ile asubuyi nikashusha miguu ku kitanda nikakanyaga mayi.

Mu nyumba panya ni hasara na aibu. Mu mashua ni kitu ingine kabisa, juu kuko tiyo zinapita chini ya mustari ya mayi, na tiyo ya namna ile ikikatwa usiku na mumelala, ziwa inaingia polepole na hakuna mutu anasikia. Na bado ilikula mikanda ya majile mbili za kuogelea, zile za kuvaa mutu asizame, moja ni ile kadogo ya mutoto. Tangu ile boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, ku Goma, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, watu karibu kufika na bandugu zao banangoja ku ngambo, kwangu jile si kitu ya kuchezea. Kuona ule mukanda umetafunwa ilinikamata mu tumbo.

Sasa bile nilinunua mbele ya mutego.

Ya kwanza dawa, ile ya punje za rangi ya pinki, mu butiki moja mu muji, 3.000 franka kasashe. Yulu yake kuliandikwa bromadioloni 0,005% na mistari mingi ya luga sijui kusoma. Muuzaji ananiambia mama hii ni ya nguvu, kesho unaokota panya ku mulango. Haiko vile. Hii dawa inafanya damu isishikane, panya inakula leo na inakufa nyuma ya siku kazaa, inavuja damu ndani, na mbele ya kufa inaenda kujificha fasi ya giza na ya joto. Mu mashua ile fasi ni wapi? Chini kabisa, nyuma ya tanki ya mayi, fasi mukono ya mutu haifike. Siku ya tano harufu ikaanza. Siku ya sita hatukulala ndani. Bwana yangu alifungua mbao kumi na moja za chini, visi zingine zilikuwa na kutu zikavunjika, tukaikuta imenata ku ubavu ya mashua, imevimba, na sitasema zaidi juu kuko batu banasoma hapa banakula.

Lakini si harufu njo ilinifanya niapize sitarudia. Panya habakule tu pale unawawekea, banabeba, banaenda kuficha akiba. Siku tatu nyuma ya ile, mutoto yangu ananiletea ku kiganja, «mama, bombo», punje mbili za pinki, alizitosha ndani ya kakiatu kake. Nilizipokea na mikono inatetemeka, nikamufungua kinywa, nikamuosha, nikamubeba tukapanda mbio ku hopitali na ile sashe mu mukono. Hakukula, Mungu asifiwe. Na kule njo muganga alinieleza kitu kila muzazi anapashwa kujua: kwa hii dawa mutoto anaweza kuonekana muzima, anacheza, siku mbili tatu, na damu yake inaanza kuharibika baadaye, kwa hiyo usingoje ishara, enda mara moja na ubebe sashe juu banaangalia jina ya dawa, iko vitamini K banapatia kama ni lazima. Na zile sashe zingine za barabarani zisizoandikwa kitu, batu banapima na kijiko? Usizilete hata karibu na nyumba yako. Hakuna muganga atajua umekula nini.

Dawa iliua panya moja. Krr krr ikaendelea. Ilikuwa mbili, labda tatu.

Ya pili kole, ile gundi ya kunasa panya, ya karto inafunguka kama kitabu, 5.000 franka. Mu nyumba kavu sijui, labda. Mu mashua vumbi ya makala na unyevu ya usiku inafunika kole, nyuma ya siku mbili inakuwa kama mukate ya jana. Panya ilipita yulu yake, ikaacha manyoya na ikaenda. Ile nilikuwa nimeweka inje karibu na mulingoti ilikamata kandege, kale kadogo kananyanyua mukia, kanakuyaka kila asubuyi kuokota bidudu yulu ya mashua, mutoto yangu anakapenda sana. Tulikatosha na mafuta ya kupikia, unapaka polepole kole inaachia, lakini mbawa moja ilikuwa imeshaharibika na kalikufa mangaribi. Kwangu kole imekwisha, na hata kama ingekamata panya, kuacha nyama inalia usiku muzima imenata, inajing'oa ngozi, sitaki mutoto yangu aone vile na akue anafikiri ni kawaida.

Ule mutego wa kibao na chuma ya kupiga sikuujaribu sana, mawimbi ya boti kubwa yakipita unajipiga wenyewe, na kuko vidole vya mutoto. Basi.

Njo nikapanda Kadutu.

Muzee alikuwa nayo tatu zimetundikwa. Nilichukua ya katikati, urefu santimetre 32, upana na kimo 14, nilipima na metre yangu ya kushonea. Ile ya santimetre 20 ni ya tupanya tudogo, panya mukubwa mukia wake unabaki inje na mulango haifungike. Angalia waya: bonyeza na kidole gumba pale katikati ya ubavu, kama inaingia ndani acha, hii yake haikuingia hata kidogo. Matundu ndogo, kidole changu kidogo hakipite. Ndani kuko ndoano inashuka toka yulu, unatia chakula ku ndoano, ndoano imeshikana na kafimbo ka chuma kanapita inje yulu ya sanduku mupaka ku mulango, panya akivuta chakula kafimbo kanaachia na resori, ile waya ya kujikunja, inafunga mulango. Ni kitu ya wazi, unaielewa kwa kuangalia tu, ikiharibika unatengeneza na koleo.

Muzee alinipatia shauri moja kubwa kupita mutego yenyewe. Aliniambia, «Mwanangu, usitege leo. Uifunge mulango wazi na kamba, utie chakula, uache. Panya anaogopa kitu mupya. Mumuache aizoee, akule, arudie na njaa ya kuizoea. Kiisha njo utege.» Nilimuuliza siku ngapi, akasema mupaka aikule usiku mbili ya kufuatana.

Nilifanya vile. Niliiweka mu kabine, imelala pembeni ya ubavu ya mashua, juu panya hapite katikati ya chumba, anapita na ukuta inamugusa manyoya, tena anapita paka njia moja kila usiku, unaiona kwa mavi na ile alama ya mafuta. Mulango nilielekeza pale anatokea. Yulu yake nikafunika kitambaa nyeusi ikuwe kama shimo. Usiku ya kwanza chakula haikuguswa. Ya pili vile vile. Ya tatu bwana yangu akaanza kusema tulipoteza 15.000. Ya ine asubuyi karanga yote ilikuwa imelambwa, waya inang'aa. Ya tano tena.

Juu ya chakula: sambaza kavu, tule tusamaki tudogo twa ziwa, peke yake haifai, kichwa inang'oka anaenda nayo na ndoano haijatikisika. Karanga ya kusaga njo inashinda, inanata, anabaki pale analamba na kuvuta. Mi nilifunga sambaza moja ku ndoano na uzi wa kushonea, nikazungusha mara sita, kiisha nikapaka karanga yulu yake. Na mikono uoshe, ao uvae gan za mikono.

Usiku ya sita nikatega. Saa saba mulango ikapiga, pah! Tukaamuka, tukawasha tochi, mutego iko tupu. Manyoya tatu ku mulango. Resori yake ilikuwa regevu, panya aliinua mulango na pua na akatoka. Njo kosa kubwa ya hii mutego na njo maana sipatie nyota tano. Nilirudi Kadutu na hasira. «Muzee, mulango inainuka.» Akaichukua, akajaribu na kidole, akanyamaza kidogo, kiisha akaniuliza kama niliiweka fasi inatikisika. Nikamuambia ni mu mashua. Akasema yeye anazifanyaka za ku nyumba, hakuna mutu alishamuambia habari ya mashua. Hakubishana, hakunilomba feza. Alikata kawaya kagumu, akakapinda kama herufi L, akakafunga ku paa karibu na mulango, sasa mulango ikishuka kale kawaya kanaangukia mbele yake na kanaizuia kupanda. Dakika kumi. Muambie akuwekee kale kafungio tangu siku ya kununua, na kama uko mu mayi ongeza mupira ya ndani ya pikipiki, ukate kamukanda, uzungushe mulango na sanduku, inavuta nguvu.

Na ndoano nayo ilikuwa inatetemeka mawimbi ikipita, mara mbili ilijifunga bila kitu. Hiyo nilitengeneza miye: nilishona mukanda wa tanga, ule ule panya aliharibu, nikafunga mutego chini yulu ya kipande ya godoro. Haikujifunga tena.

Niliacha tena wazi usiku mbili juu aliponea na aliogopa. Kiisha nikatega. Saa nane na nusu ya usiku, pah, na safari hii mutego yote ikaanza kucheza chini. Alikuwa ndani. Rangi ya makala yenye ukahawia, masikio makubwa nyembamba kama jani, macho meusi yanatoka inje, ananiangalia. Bwana yangu alimupima nyuma, mwili santimetre 18, mukia 22. Mukia kupita mwili, ile njo namna inapanda kamba na milingoti, tangu zamani inazunguka dunia mu mashua za watu. Ile ingine nene ya mu mifereji, mukia yake ni fupi kupita mwili, ile inapenda chini.

Bwana yangu alimuua mara moja, ku ngambo, na pigo moja ndani ya mufuko, na tukamuzika mbali na mayi. Usimuachilie pale pale ku ponto, anarudia, na panya anajua kuogelea muzuri sana. Usimuzamishe mu ziwa na mutego, watu banateka mayi pale. Mikojo ya panya inabeba magonjwa, leptospirozi inapitia hata ku kidonda kadogo ku mukono, kwa hiyo mavi yake usifagie kavu, lowanisha na mayi ya javeli, ungoje, kiisha panguza na kitambaa na ukitupe. Mutego nayo niliiosha na javeli, ikakauka ku jua. Hapo njo kosa ingine: nyuma ya wiki tatu inaanza kutu ku fasi ya kusude. Napaka mafuta ya ngazi (mawese) kidogo, inazuia kutu na harufu yake panya anaipenda. Na ncha za waya chini zinachoma vidole, nilizifunga na kitambaa.

Siku ine nyuma ikakamata wa pili, dike mudogo. Tangu pale, wiki tano, kimya.

Lakini mutego peke yake haitoshe kama mulango ya mashua iko wazi, na mulango ya mashua ni kamba. Nilianza na chupa za plastike nilizopitisha ku kamba, nikaona alama ya mafuta yulu ya chupa, alipita kama hakuna kitu. Sasa nimetia basene kubwa za zamani, tundu katikati, mudomo inaangalia ku ngambo, inazunguka yenyewe ukiigusa, kila kamba moja. Na mizigo: tulikuwa tumeleta mifuko mbili ya ananasi na moja ya maharagi toka Idjwi, tulishusha kidogo ku Beach Muhanzi na ingine ikalala mu mashua, mi nafikiri njo walipandia pale. Sasa mufuko yote inamwangwa inje, inatikiswa, mbele ya kuingia.

Napatia 4 yulu ya 5. Ile nyota moja inabaki ku muzee mupaka aanze kutia kafungio ku kila mutego bila kulombwa.

Leo mutego iko kwa jirani yetu wa boti ya makala, aliilomba. Asubuyi hii aliniandikia kama usiku ya kwanza chakula haikuguswa na anauliza kama ategee paka leo. Nilimujibu apana kaka, acha mulango wazi, ongeza karanga, na uzime redio usiku.